p53 inatulinda na kansa, sasa mbona wanasema hiyo hiyo ndo inatuzeesha?

Mwl_wa_Kalenga:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe kwa hili, maana nimeingia darasani nikiwa na jibu nimetoka sina.

Nafundisha baiolojia kidato cha sita huku Iringa. Juzi Jumatano tulikuwa kwenye mgawanyiko wa seli, nikawa nawaeleza kuhusu hii protini ya p53, kwamba seli zetu zinayo, kwamba inakagua DNA kabla seli haijagawanyika, na ukichukua kansa za binadamu kwa ujumla wake karibu nusu unakuta jeni ya p53 imeharibika. Nikawaambia ndo maana mwanasayansi David Lane aliiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli, mwaka 1992. Binti mmoja anayetokea upande wa Idodi akanyoosha mkono, "Mwalimu, kama ni mlinzi si tungeongezewa tu wawe wengi, kansa iishe tuishi hata miaka mia mbili?" Nikafurahi maana hapo nilikuwa na la kusema, nikamwambia angalia tembo wanaoingia kwenye mashamba yenu kutoka Ruaha, wale wana nakala 20 za hiyo jeni wakati sisi tunayo moja, na kansa kwao ni nadra. Darasa likachangamka. Ndo kijana mmoja wa nyuma akasema yeye alisoma kwamba kuna panya walifanywa p53 yao iwe kali zaidi, kansa kweli hawakupata, ila walizeeka haraka wakafa kabla ya wenzao.

Kimya. Na mimi kimya. Nikamwambia nitakujibu Jumatatu.

Sasa nimesoma siku tatu na kila ninachosoma kinapingana na kingine, wengine wanasema p53 inarefusha maisha wengine wanasema inafupisha. Na jambo lenyewe linanigusa, sio la darasani tu. Baba yangu alifariki kwa kansa ya ini akiwa na miaka 51. Mama yake mzazi, bibi yangu mimi, yuko hai, kavuka 90 na bustani ya mboga anapalilia mwenyewe. Mtu na mwanae. Nataka kuelewa hii kitu vizuri, sio ya kukariri. Mwenye kujua anisaidie.

Seli_Hai:

Mwalimu kwanza pole kwa mzee. Pili huyo binti na huyo kijana wote wako sahihi, na ukielewa kwa nini wote wako sahihi umeimaliza mada. Mi nafanya kazi maabara, p53 naiona kila wiki, ngoja nijaribu, itakuwa ndefu kidogo.

Anza na historia maana inasaidia. Hii protini iligunduliwa 1979 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, Lane akiwa London, Arnold Levine akiwa Princeton, na wengine. Jina limetokana na uzito, walipoipitisha kwenye jeli ikaonekana ina kilodaltoni 53 (kipimo cha uzito wa protini), baadae ikaja kujulikana uzito wake halisi ni kama 44 tu, lakini jina likawa limeshakaa. Kwa miaka kumi hivi wakaamini p53 ndo inayoleta kansa! Kumbe nakala za jeni walizokuwa wanatumia maabara zilikuwa zimeshaharibika tayari. Mpaka 1989 ndo ikaeleweka kwamba ile nzima inazuia uvimbe na ni ile mbovu inayouachia. Yaani mlinzi alituhumiwa wizi miaka kumi.

Sasa kazi yake. Kwenye seli yenye afya p53 inatengenezwa muda wote na inavunjwa muda wote, haimalizi hata nusu saa, kuna protini nyingine inaitwa MDM2 inaikamata na kuipeleka kuvunjwa. Unaweza ukajiuliza kwa nini seli itengeneze kitu halafu ikitupe. Ni kwa sababu ya haraka. Siku DNA ikikatika, iwe kwa mionzi, jua, sumu, au ncha za kromosomu zile tunazoita telomia zikifupika sana, hakuna muda wa kuanza kupika upya. Vimeng'enya vinavyonusa huo uharibifu vinaibandika p53 fosfeti, MDM2 inashindwa kuishika, na ndani ya muda mfupi p53 inajaa kwenye kiini. Hapo zinajiunga nnenne zinakaa juu ya DNA na kuwasha jeni nyingine. Moja inayowashwa inaitwa p21, hiyo ndo breki, seli inasimama haigawanyiki.

Halafu kuna maamuzi, na hapa ndo uzee unapoingia. Uharibifu ukiwa mdogo seli inasimama, inakarabati, inaendelea na maisha. Ukiwa mkubwa seli inaamriwa ijiue, inajikatakata yenyewe kwa utaratibu na majirani wanaisafisha. Na kuna njia ya tatu, seli haifi ila inasimama moja kwa moja, haigawanyiki tena milele, hiyo ndo tunaita seli iliyozeeka. Leonard Hayflick aliiona hii kule Philadelphia mwaka 1961, kwamba seli za binadamu ukizifuga kwenye chombo zinagawanyika kama mara 40 mpaka 60 halafu basi, na tukaja kujua baadae kwamba p53 ni mmoja wa wanaozisimamisha.

Mwalimu ona hesabu ilivyo. Kwenye njia ya pili umepoteza seli, na kama ilikuwa seli mama ya ngozi au ya uboho umepoteza na watoto wote ambao ingezaa. Kwenye njia ya tatu seli ipo, inakula, haifanyi kazi yake ya zamani, na mbaya zaidi inaanza kumwaga kemikali za uvimbe-moto kwa majirani. Ukiwa kijana hilo halina shida, hizo kemikali zinasaidia hata kidonda kufunga na askari wa mwili wanakuja kuiondoa. Ukizeeka zinarundikana. Kwa hiyo kila mara p53 inapokuokoa na kansa inachukua malipo kidogo kutoka kwenye akiba yako ya kesho.

Sasa panya wa huyo kijana wako. Ni kazi ya Lawrence Donehower na wenzake kule Houston, ilitoka 2002. Hawakukusudia hata, walikuwa wanataka kutengeneza badiliko jingine kwenye jeni, kipande kikubwa cha DNA kikakatika, kikabaki kipande cha nyuma cha p53 ambacho kikikutana na p53 nzima kinaiacha imewaka. Wale panya karibu hawakupata kansa kabisa. Lakini mifupa yao ililegea, migongo ikapinda, ngozi ikawa nyembamba, vidonda vikachelewa kupona, nywele ukizinyoa hazirudi vizuri. Nusu ya panya wa kawaida walikuwa wamekufa ifikapo wiki 118, hawa nusu yao walikufa kufikia wiki 96. Hawana kansa na bado wanakufa mapema, hiyo ilishtua watu wengi sana.

Mwaka huo huo 2002, Madrid, kundi la Manuel Serrano wakafanya kitu kinachofanana ukikisikia kwa mbali, waliwaongezea panya nakala ya ziada ya p53. Lakini waliiweka jeni nzima pamoja na swichi zake zote za asili. Hao wakapata kansa kidogo kuliko kawaida na WAKAZEEKA KAWAIDA. Na 2007 wakaongeza na jeni nyingine inaitwa Arf, ambayo kazi yake ni kuituliza MDM2 seli ikipewa amri za kugawanyika ovyo, wale panya wakaishi muda mrefu zaidi kwa kama asilimia 16, na hata ukiwatoa waliokufa kwa kansa bado waliobaki walichelewa kuzeeka.

Umeona tofauti? Panya wa Houston p53 yao haizimiki vizuri. Ni kama kijiji ambacho sungusungu wanapuliza filimbi usiku na mchana, mwizi haingii kweli ila hakuna anayelala wala anayeenda shamba, njaa itawaua. Panya wa Madrid walinzi ni wengi ila wamekaa kimya mpaka wasikie kitu, na wakisikia wanatoka wengi kwa mpigo, wanamaliza, wanarudi kukaa. Kwa hiyo swali la "nyingi au kidogo" halijitoshelezi. La kuuliza ni inawaka lini na inazimika lini.

Tembo nao wako upande wa Madrid. Zile nakala 20, moja ndo ya asili, nyingine 19 ni nakala zilizojipachika baadae kwenye historia ya ukoo wao na nyingi ni fupi fupi. Watafiti wa Utah, Joshua Schiffman na wenzake, walipima 2015, wakachukua seli za damu za tembo na za binadamu wakazipiga mionzi, za tembo zikajiua kama mara mbili ya zetu. Tembo haendi kukarabati, seli ikitia mashaka anaitoa. Wanaokufa kwa kansa ni chini ya 5 kwa 100 wakati sisi ni kati ya 11 na 25. Na hilo lilikuwa linasumbua watu tangu Richard Peto alipoliuliza 1977, kwamba mnyama mwenye seli nyingi namna ile na anaeishi miaka 60 au 70 kihesabu alitakiwa awe na kansa kila kona.

Nesi_Rehema:

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Mimi ni nesi wodi ya saratani na nimeisoma hiyo ya Seli_Hai nikajikuta naona wagonjwa wangu mle ndani.

Nitaeleza kitu kimoja. Wagonjwa wa kemo wanaponyonyoka nywele wengi huwa wanafikiri dawa ndo inaunguza nywele moja kwa moja. Hiyo pia ni p53. Dawa inaharibu DNA, vinyweleo vinagawanyika kwa kasi, p53 ndani yake inaona DNA imeumia inaamua bora vife. Mwaka 2000 kuna watafiti waliwapa panya saiklofosfamaidi, ile tunayotumia hata kwa saratani ya matiti, panya wa kawaida wakanyonyoka, panya wasiokuwa na p53 hawakunyonyoka. Toka nimelijua hilo naelezea wagonjwa wangu tofauti. Kuna mama mmoja nilimwambia mama, nywele zinaondoka kwa sababu mwili wako bado una mlinzi anayefanya kazi, akaninyamazia muda mrefu halafu akasema basi zitoke. Na ndo hicho hicho anachosema Seli_Hai, mlinzi ana gharama, kwa mgonjwa wa kemo gharama hiyo unaiona kwa macho ndani ya wiki tatu badala ya miaka hamsini.

Cha pili mwalimu uwaambie na hao mabinti. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndo inaongoza, jeni ya p53 mara nyingi haijaharibika hata kidogo. Ni kirusi cha HPV, hasa 16 na 18, kinatengeneza protini inaitwa E6 ambayo inaikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe. Kirusi kinataka seli iendelee kugawanyika ili na chenyewe kizaliane, na p53 ndo inayokizuia, kwa hiyo kinaanza na mlinzi. Chanjo yake nchini ilianza kutolewa kwa wasichana 2018 na ni bure. Nimeuguza wanawake wa miaka 38, 40, wana watoto wadogo, na ni ugonjwa ambao binti akichanjwa mapema ana nafasi kubwa ya kutofika huko. Tafadhali mwalimu usiache kulisema.

Seli_Hai:

Nesi umenikumbusha kitu kikubwa sana, asante.

Mwalimu, kuna seli zinaitwa HeLa, zilitolewa 1951 Baltimore kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, aliyekuwa na saratani hiyo hiyo ya mlango wa kizazi, bila yeye kuombwa ridhaa. Alifariki mwaka huo huo. Seli zake zinagawanyika mpaka leo, maabara yetu zipo, ukomo wa Hayflick hazina. Na sababu mojawapo ni kwamba zina HPV 18 ndani yake na E6 inaimaliza p53 kila inapotengenezwa. Sasa mwaka 2000 watafiti wa Yale waliingiza kitu kinachozima jeni za hicho kirusi ndani ya seli za HeLa. p53 ikarudi. Ndani ya siku chache zile seli zilizokuwa zimegawanyika karibu miaka hamsini zikasimama, zikatanuka, zikazeeka. Jeni ya p53 ilikuwepo muda wote mle ndani, nzima, inasubiri tu.

Mi hilo jaribio huwa nawaambia wanafunzi wanaokuja mafunzo maana linajibu kabisa swali la "kwa nini tusizuie kuzeeka". Seli ambayo imekataa kuzeeka tunayo, tunaijua, ni ya kansa.

Mutua_wa_Kitui:

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kitui, ni afisa kilimo, sio mtu wa maabara, lakini mwalimu alivyotaja kansa ya ini nikaona siwezi kupita huu uzi bila kuongea.

Hapa kwetu 2004 tulizika watu kwa sababu ya mahindi. Makueni, Kitui, na wilaya za jirani, mvua ilinyesha wakati mahindi yanakaushwa, watu wakahofia kuibiwa shambani wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, ukungu ukaingia. Waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125, macho manjano, tumbo limejaa maji. Hiyo ni ile dozi kubwa ya kuua haraka. Lakini tulifundishwa kwenye semina moja kuhusu ile dozi ndogo ya kila siku, ile haikuui leo, na mwalimu wa semina ndo alitaja hiyo p53 yenu. Alisema sumu ya huo ukungu, aflatoksini B1, ini likijaribu kuivunja linaigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye DNA, na mara nyingi sana inapiga sehemu moja ya jeni ya p53, namba 249, herufi ya DNA ya G inakuwa T. Ni kama alama ya kidole. 1991 waliiona kwa wagonjwa wa kansa ya ini huko Qidong, China, na pia kusini mwa Afrika, sehemu ambazo watu wanakula chakula chenye ukungu na homa ya ini B iko juu. Mtu akiwa na vyote viwili hatari inazidishana, haijumlishwi tu.

Sisemi mzee wako alipata kwa njia hiyo, siwezi kujua, na pole sana. Ila ulipouliza mtu na mwanae, mmoja 51 na mwingine 90, nilifikiria kwamba p53 mtu anazaliwa nayo ikiwa nzima na inaweza kuharibiwa ghalani. Mimi kila msimu nawaambia wakulima mahindi yafike unyevu wa asilimia 13 na nusu au chini ndipo yaingie gunia, kausha juu ya turubai usimwage chini kwenye udongo, na lile lenye rangi usiwape kuku wala ng'ombe ukidhani umeokoa, linarudi kwako kwenye mayai na maziwa. Na watoto wachanjwe homa ya ini B, iko kwenye chanjo zao za kawaida.

Jambo lingine, mmemtaja tembo mkamsahau fuko. Huku kwetu pande kavu mpaka Tsavo, na huko Ethiopia na Somalia, tuna fuko yule hana manyoya, ngozi ya pinki, meno nje, anaishi chini ya ardhi kwa koloni na malkia mmoja kama nyuki. Uzito wake ni kama wa panya wa nyumbani. Panya akitunzwa vizuri sana anafika miaka mitatu hivi, fuko huyu anavuka thelathini. Kansa kwake ni nadra kabisa. Na kuna utafiti wa 2018 waliangalia kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000 wakakuta hatari ya kufa haiongezeki umri unavyoongezeka, wa miaka 20 hana hatari zaidi kuliko wa miaka miwili. Tuko naye hapa chini ya miguu yetu na wakulima wanamuua kwa sababu anakula viazi vitamu. Nilitaka kuuliza, huyu naye ana p53 nyingi kama tembo?

Seli_Hai:

Mutua asante kwa hiyo ya ghalani, ni kweli kabisa na hiyo 249 ni moja ya mifano mizuri zaidi tuliyonayo ya sumu kuacha alama yake kwenye jeni.

Fuko hana nakala nyingi, anayo moja kama sisi. Tofauti ni kwamba p53 yake haivunjwi haraka kama ya kwetu, inakaa ndani ya kiini hata seli ikiwa salama. Ukifuata hesabu ya panya wa Houston ungesema basi huyu angezeeka mapema, na hazeeki. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinaishikilia isifanye fujo, pamoja na mengine mengi aliyonayo, protini zake zinatengenezwa kwa makosa machache, katikati ya seli zake kuna ute mzito usioruhusu seli kusongamana. Na kuna nyangumi wa kaskazini kwenye barafu anaevuka miaka 200, yule naye hana nakala za ziada za p53, yeye njia yake ni kukarabati DNA kwa umakini mkubwa. Tembo anaua seli, nyangumi anatengeneza, fuko ana yake. Njia ni zaidi ya moja.

binti_Chumbageni:

Samahanini naingilia. Mama yangu ana miaka 63, kauziwa mkebe wa vidonge kwenye semina ya afya, laki moja na themanini, kwenye karatasi yake wameandika "huamsha p53, huzuia saratani na kuzeeka". Kakopa kwenye kikoba kununua. Anakunywa na anajisikia vizuri anasema. Naomba mniambie ukweli, kuna kitu kama hicho? Naumia sana nikiona hela ya kikoba inaenda huko na yeye ana presha na dawa za presha ndo kaziacha.

Nesi_Rehema:

Mwanangu kitu cha kwanza, leo leo, arudi kwenye dawa za presha. Presha ndo itakayompa kiharusi, sio p53. Mpeleke kituo chochote wampime, aende na huo mkebe mkononi waone ndani kuna nini, na umwambie kwa upole maana akiona anagombezwa atakunywa kwa siri. Nimeona wengi.

Seli_Hai:

Nakazia alichosema nesi. Na kuhusu swali lako ukweli ni huu, hakuna kidonge cha dukani duniani kilichothibitishwa kwamba kinaamsha p53 kwa binadamu mzima na kumzuia asizeeke. Dawa za kuiachia p53 kutoka kwa MDM2 zipo kwenye majaribio, ila wanazijaribu kwa wagonjwa wa kansa, hospitali, damu inapimwa mara kwa mara, na shida yake kubwa inajulikana, chembe za kugandisha damu zinashuka kwa sababu p53 ikiamshwa inaamka na kwenye uboho pia. Rudi kwa panya wa Houston, mtu mzima wa miaka 63 p53 yake ikiwashwa muda wote ndo ungemzeesha. Kwa hiyo hata hilo tangazo lao lingekuwa la kweli lisingekuwa habari njema.

Kinachofanyiwa kazi kwa nguvu upande wa uzee ni kitu tofauti, ni kuziondoa zile seli zilizosimama na kubaki zinamwaga kemikali. Mayo Clinic kule Marekani kwenye kazi iliyotoka 2016 walitumia panya ambao seli hizo unaweza kuziua kwa dawa, wakazisafisha kuanzia umri wa kati, panya wakaongeza kama robo ya maisha, figo na moyo vikawa bora. Kuna mchanganyiko wa dasatinibu, dawa ya kansa ya damu, na kwasetini ya kwenye vitunguu na matofaa, nao unajaribiwa kwa watu. Bado ni majaribio. Asijaribu mtu nyumbani, dasatinibu ni dawa nzito.

Mwalimu kuhusu bibi nilitaka kuongeza kitu, nikilisahau nitajilaumu. p53 ya binadamu ina maumbo mawili ya kawaida, kwenye asidi amino ya 72 wengine wana ajinini wengine prolini. Ya ajinini ni kali zaidi kwenye kuua seli. Leiden, Uholanzi, walifuatilia wazee wa miaka 85 na kuendelea, matokeo yakatoka 2005, wale wenye prolini kutoka kwa baba na mama walikuwa na vifo vya kansa mara mbili na nusu ya wengine, LAKINI ukijumlisha vifo vyote uhai wao ulikuwa bora kwa asilimia 41. Mlinzi mpole kidogo, kansa zaidi kidogo, ila akiba ya seli haiishi haraka. Ni lile swali la darasani kwako limejirudia ndani ya watu wenyewe. Na hiyo ya prolini ndo imeenea zaidi Afrika, kwa Wayoruba wa Nigeria ni kama nakala 6 kati ya 10, wakati kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Sweden, haifiki 2. Sisemi ndo siri ya bibi yako, hakuna anayeishi 90 kwa herufi moja ya DNA. Ila ukiwa na nafasi kaa naye akuhadithie.

Mwl_wa_Kalenga:

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimeingia leo darasani nikachora ubaoni panya wawili, wa Houston na wa Madrid, nikawauliza wenyewe tofauti iko wapi kabla sijasema. Yule kijana wa nyuma ndo aliyepata, alisema "mmoja hana pa kuzimia taa". Nimemwandika jina ubaoni likae wiki nzima. Ya HPV nimesema, mabinti wamenisikiliza kweli kweli, wawili wamesema hawajachanjwa, nitaongea na matroni. Mutua, jioni nilipiga simu nyumbani kuuliza mahindi yetu yanakaushwa wapi. Chini, kwenye udongo. Kesho natuma turubai. Binti wa Chumbageni, naomba utujulishe mama anaendeleaje.

Ila yule binti wa Idodi hakuniacha, akauliza tena. Kama tembo kansa haimpati kirahisi na p53 yake inazimika vizuri haimzeeshi, basi ni nini kinamuua porini asipouawa na mtu? Mbona haishi miaka mia mbili kama huyo nyangumi?

Seli_Hai:

Huyo binti asiachwe aende kusomea biashara mwalimu.

Meno. Tembo anapewa seti sita za magego maisha yake yote, moja ikisagika inasukumwa mbele inadondoka na nyingine inakuja kwa nyuma. Ya sita ikifika ndo ya mwisho. Akifika miaka sitini na kitu imeisha kusagika, anaanza kukaa karibu na mabwawa na mito ambako majani ni laini, anakula na hashibi, anakonda. Waulize wazee wa Idodi, watakuwa wamewaona hao, tembo mkubwa yuko peke yake mtoni kiangazi chote haondoki.